Mlima wa Shemeji na Sahani ya Pili

Jumapili, 2 Machi

Leo nimetimiza miaka thelathini na minane tangu niondoke kwetu. Hakuna aliyekumbuka. Hata mimi nilikumbuka baada ya kumaliza chai.

Asubuhi shemeji akapiga simu. Nikadhani anataka kunipa hongera au pole, moja kati ya hizo. Kumbe ana habari. Anarudi kwetu. Moja kwa moja! Binti yake amepata kazi huko, tiketi zimekatwa, wanaondoka Jumamosi adhuhuri. Alilisema jambo hilo kwa sauti ile ile anayosemea kwamba mvua itanyesha.

Nimwandike vizuri, maana baada ya Jumamosi atakuwa mtu wa kwenye karatasi. Shemeji ni kaka wa marehemu mke wangu. Tulikuja huku sote watatu, tukiwa na masanduku mawili na mwavuli. Sasa tumebaki wawili, na mwavuli haujulikani ulipo. Yeye anakaa juu ya mlima kwa binti yake. Mimi nakaa chini, chumba cha ghorofani, kwa mama mwenye nyumba. Kati yetu ipo barabara yenye kona tatu, na kila kona imenikosea heshima.

Kanuni yetu ni ya tangu ujana: anayefungwa drafti ndiye anayemfuata mwenzake Jumapili inayofuata. Kwa kuwa hufungwa yeye, miaka yote ameshuka yeye, kwa gari la binti. Mwezi uliopita nikafungwa mimi. (Kikohozi kilikuwa kimenishika, akatumia nafasi.) Jumapili ikafika, nikapanda baiskeli, nikafika kona ya kwanza, nikageuza. Nikampigia simu kwamba nimepata wageni. Jumapili iliyofuata nikapata wageni wengine. Shemeji akasema siku hizi nimekuwa mtu mashuhuri.

Leo akasema atatuma gari linichukue nikamuage. Nimekataa. Nimesema nitakuja mwenyewe, kwa baiskeli. Alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, mlima huu wewe utaupanda kwenye ramani!" Eti dada yake alimwambia zamani kwamba nikipanda ngazi napumzika kwenye kila picha iliyotundikwa ukutani.

Basi lipo, ndiyo. Linapita mpaka mlangoni kwake. Lakini mtu haendi kumuaga shemeji yake wa mwisho akiwa amebebwa kama gunia la vitunguu.

Halafu nina swali. Mke wangu alipoosha vikombe alivipanga rafuni vyote vikiangalia juu, isipokuwa kimoja. Hicho alikifunika. Kila siku. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani muda upo. Miaka sita tangu tumzike naosha vikombe vyangu viwili, na kimoja nakifunika. Sijui nafanya nini. Mtu aliyebaki duniani anayeweza kujua ni mmoja, naye anafunga sanduku.

Kwenye simu haliulizwi. Shemeji akishika simu hupiga kelele kama anayenadi ng'ombe.

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata dawa ya mlima!

Baiskeli yangu ina gia saba nyuma, lakini mbele ina sahani moja tu ya meno, ile inayozungushwa na pedeli. Kubwa kama sinia. Sahani kubwa ni ya barabara tambarare na magoti ya vijana. Mlima unataka ndogo. Wenye akili huweka mbili: kubwa ya kutamba, ndogo ya kutubu. Nami nitaongeza ya pili. Siku tano zinatosha na kubaki.

Nikaenda kwa fundi baiskeli wa njia panda. Watu humwita Injinia, na yeye hawakatazi. Nikamweleza. Akajipangusa mikono muda mrefu, kama daktari anayetafuta namna ya kuanza. Akasema mzee wangu, mbele paache palivyo. Nikubadilishie gia ya nyuma, nikuwekee yenye meno mengi, mlima utaupanda unaimba. Kazi ya muda mfupi, ningoje hapo hapo kwenye benchi.

Nilikataa. Shemeji swali lake la kwanza litakuwa nani ameifanya kazi hiyo, na sitaki kumjibu kwamba nilikuwa nimekaa kwenye benchi.

Basi Injinia akabadilika ghafla akawa muuzaji. Akanitolea krenki kuukuu, kile chuma kinachobeba pedeli, yenye sahani mbili, akaapa kwamba inaingia baiskeli zote ulimwenguni. Akanipa na mkono wa mbele, kile kibati kinachoisukuma cheni itoke sahani moja iende nyingine, pamoja na waya wake na kishikio cha kuvutia. Akataka kuniuzia na kengele mpya. Nikamwambia kengele ninayo. Akasema hiyo ya kwangu inakohoa.

Akaniuliza kama nina vifaa. Nikamjibu ninavyo. Nina spana, bisibisi na nyundo.

Nimepita maktaba, nimeazima kitabu kinene cha baiskeli. Nimesoma sura tatu kwa mfululizo. Sasa najua mengi juu ya magurudumu ya mbao. Bado sijafika palipo na nati.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na pedeli. Ya kulia ilitoka bila ugomvi. Ya kushoto imegoma. Nimeisukuma kwa mkono, nikaisukuma kwa mguu, mwishowe nikasimama juu ya spana kwa uzito wangu wote, nimeshikilia fremu ya dirisha. Ikalia kidogo. Nikafurahi.

Baada ya chakula nikafungua sura ya nne. Pedeli ya kushoto hufunguliwa kinyume. Yaani asubuhi nzima nilikuwa naikaza! Imekazwa sasa kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Jioni nikafungua sura ya tano. Krenki ya kushoto na pedeli yake haziguswi kabisa katika kazi hii.

Mama mwenye nyumba alipanda kuniuliza kama navunja au najenga, maana glasi zake kabatini zimeanza kuimba. Nikamwambia nafanya marekebisho. Akasema marehemu mume wake naye aliwahi kufanya marekebisho, ya bomba, na mpaka leo ukuta wa sebule una ramani. Kisha akalitazama beseni nililolowekea cheni kwenye mafuta ya taa. Akalitazama tena. Akasema lile beseni amelitafuta tangu asubuhi.

Nikamwomba radhi. Akasimama mlangoni, haendi, hakai. Akasema amesikia shemeji wangu anaondoka. Nikasema ndiyo. "Sasa mzee utabaki na nani?" Nikamjibu kwamba kwa sasa nina kazi.

Jumatano, 5 Machi

Krenki ya zamani haitoki. Imeng'ang'ania ekseli yake kama mpangaji mwenye mkataba. Kitabu kinasema pana kifaa cha kuivuta. Nikaenda kwa Injinia kukiazima, nikamwambia ni cha rafiki yangu mmoja ambaye ana tatizo. Injinia akanipa, akaniuliza huyo rafiki kwa nini amenipaka na mimi grisi puani.

Kifaa ni kizuri. Krenki ikatoka kama jino. Nikaiweka ile ya sahani mbili, nikakaza, nikaizungusha. Krrr! Sahani ndogo inasugua fremu. Inayoingia baiskeli zote ulimwenguni haiingii yangu. Nilirudi kwa Injinia. Akainama, akachungulia, akasema kwa utulivu kwamba yenye tatizo ni baiskeli. Suluhisho lake: niagize ekseli ndefu, itafika wiki ijayo.

Wiki ijayo! Wiki ijayo mlimani hakuna mtu.

Suluhisho langu: nyundo na kijiko cha chakula. Nimekiegemeza kijiko kwenye fremu, pale panaposuguliwa, nikagonga. Fremu imebonyea kiasi cha kupisha meno. Nazungusha sasa, haisugui, inanong'ona tu. Kijiko hakifai tena kwa supu.

Shemeji akapiga simu katikati ya kugonga. Anagawa vitu. Akauliza kama nitachukua kiti chake cha mikono, kile anachokalia akisoma magazeti. Nikasema chumba kimejaa baiskeli. Akasema atakileta hivyo hivyo. Halafu akashusha sauti, ikawa ya mtu wa kawaida, akasema twende wote. "Nafasi ipo, shemeji. Binti ameshauliza. Utakaa huku unasubiri nini?"

Nilimwambia nina kazi ya cheni. Ni kweli, ninayo.

Nilipomaliza niliosha mikono, nikaosha na vikombe. Kimoja nikakifunika.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ushindi, kisha siku ya ua.

Asubuhi nimefunga mkono wa mbele. Kishikio cha kuvutia hakikupata mahali kwenye usukani: pana breki, pana gia ya nyuma, pana kioo, pana ile kengele inayokohoa. Nimekifunga kwenye bomba la fremu chini ya tandiko. Nikitaka kubadilisha sahani naingiza mkono katikati ya mapaja na kuvuta. Haina heshima, lakini inafanya kazi.

Jaribio la kwanza, mtaani. Nikavuta. Cheni ikateremka kwenye sahani ndogo, kisha ikaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Ndefu mno. Nikarudi ndani, nikakata pingili. Nikaona bado inalegea, nikakata nyingine. Nikikata kitu huwa sipendi kubakiza.

Jaribio la pili. Sahani ndogo: utamu! Nilipanda kile kijinyanyuko cha mbele ya shule bila kuhema. Watoto wa kwenye uzio wakapiga makofi. Nikaona nirudi sahani kubwa nipite kwa Injinia nikiwa na kasi ya kumfaa. Nikavuta. Cheni ikawa fupi. Ikakaza kama uzi wa gitaa, magurudumu yakakubaliana kusimama, mimi sikuwa nimeshauriwa. Nikaendelea mbele peke yangu mpaka kwenye ua wa jirani.

Injinia aliona yote. Alikuja akanivuta kwa miguu. Akasema kwa vile sasa nina sahani mbili na siwezi kutumia zaidi ya moja, nimetoka sahani moja nikafika sahani moja. Watu wawili kwenye benchi wakacheka. Nikamwambia huo ni uchambuzi wa juujuu.

Nimezirudisha pingili nilizokata, isipokuwa moja iliyoviringika mahali pasipojulikana. Inatosha, kwa shida.

Suruali imechanika. Ni ile ya Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkono wa mbele una skrubu mbili: moja inaizuia cheni isitoke nje, nyingine inaizuia isidondoke ndani. Kitabu kinaeleza kwa kurasa saba. Kurasa mbili kati ya hizo mtu amezichana. Moja nimeikaza, nyingine nimeilegeza, ili kuwe na haki.

Mama mwenye nyumba amenishonea suruali. Sikumwomba, aliiona kwenye kamba akaichukua. Akiwa anakata uzi kwa meno akasema kesho asubuhi yeye anapanda basi kwenda sokoni kule juu, na anapenda kukaa dirishani, kwa hiyo kiti cha pembeni huwa kitupu. Nikamwambia hiyo ni bahati, ataweka kikapu. Akanitazama. Akasema ndiyo, ataweka kikapu.

Mchana mzima nimefanya mazoezi ya swali. Mbele ya kioo linasikika vibaya. "Shemeji, kwa nini dada yako alifunika kikombe?" Kama mwendesha mashtaka. Nikajaribu kuzunguka: kwanza niseme habari za mama yao, kisha jiko lao, kisha vyombo, kisha kikombe. Shemeji hawezi kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa njia hiyo. Nikajaribu kucheka kwanza. Mbaya zaidi.

Nitauliza moja kwa moja, katikati ya mchezo, akiwa anafikiria kete. Hapo ndipo husema kweli.

Kwa miaka yote hiyo tumezungumza juu ya nini? Nimekaa kitandani nikijaribu kukumbuka. Drafti. Hali ya hewa. Makosa ya watu kwenye magazeti, maana mimi nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji na yeye alikuwa mkaguzi wa mizani, wote tukilipwa kwa kutoamini watu. Dada yake tulimtaja kila Jumapili, lakini kwa utani tu, akiwa hai na baada ya hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa mkono mweusi. Karatasi inisamehe.

Niliondoka mapema. Shati jeupe, suruali iliyoshonwa, kofia. Mama mwenye nyumba alikuwa kituoni na kikapu chake. Nilimpita nikiwa kwenye sahani kubwa, nikapiga kengele. Ikakohoa. Baadaye kidogo basi likanipita mimi. Alikuwa dirishani. Sikumpungia, mikono ilikuwa na majukumu.

Kona ya kwanza. Nikaingiza mkono, nikavuta. Cheni ikateremka kwenye ndogo kwa adabu. Ajabu! Miguu inakwenda mbio, baiskeli inakwenda taratibu, lakini inakwenda. Bibi mmoja mwenye mkongojo alinipita. Alipokuwa ananipita tulipata nafasi ya kusalimiana, kuulizana hali, na kukubaliana kwamba jua litakuwa kali.

Kona ya pili. Bado nimo juu ya tandiko! Baada yake barabara inalala kidogo, nikarudi sahani kubwa, kwa majivuno tu. Majivuno hayana faida ila yana ladha.

Kona ya tatu. Hapo nikasikia sauti. Shemeji alikuwa amesimama juu ya ukuta wa bustani yake, suti ya safari mwilini, mikono amezungusha mdomoni. Alikuwa ananitazama tangu chini. "Ndogo! Tia ndogo! Sasa! Sasa, mzee, unangoja nini?" Mimi nilikuwa nimekandamiza pedeli kwa nguvu zote, na kitabu kinakataza kubadilisha namna hiyo. Miaka yote sijawahi kufuata ushauri wa shemeji. Leo nikaufuata. Nikavuta. Cheni ikashuka, ikaipita ndogo bila salamu, ikadondokea ndani, kati ya meno na fremu, ndani ya lile bonyeo langu, ikakwama. Baiskeli ikasimama. Mimi nikalala barabarani polepole, kama mti uliokatwa na fundi mzuri.

Nilifika kwake nikisukuma. Akaanza hapo hapo: sikufika kwa baiskeli, baiskeli ndiyo iliyofika kwa miguu yangu. Nikasema kama si kelele zake ningefika nikiwa nimekaa. Akasema kelele haziangushi cheni, skrubu ndiyo huangusha cheni.

Nyumba ilikuwa tupu. Mapazia yameshushwa, sauti zinarudi kutoka vyumbani. Masanduku yalikuwa ukumbini, na juu ya moja alikuwa ameweka ubao wa drafti, kete zimepangwa. Tulikuwa na asubuhi nzima. Naandika tena ili nielewe: asubuhi nzima.

Tuliigeuza baiskeli miguu juu, tukaiegemeza kwenye masanduku mawili. Shemeji akavua koti, akakunja mikono ya shati. Akasema skrubu ya ndani inataka robo mzunguko. Nikasema nusu. Akazungusha robo. Nikaongeza. Akarudisha. Akaniuliza nani kati yetu alikagua mizani. Nikamuuliza nani kati yetu amesoma sura nane. Tukaichomoa cheni kwa bisibisi na uma wa mezani. Shemeji alipaka grisi kwenye mkono wa shati, kisha kwenye mkono wa pili. Binti yake akapita, akaona, akaziba mdomo. "Baba! Hilo ndilo shati la safari! Na wewe mjomba, unamtazama tu?" Akatuletea chai katika vikombe vya karatasi, kwa sababu vya kweli vimeshafungwa.

Nilikishika kile kikombe. Nikakitazama. Nikasema shemeji. Akasema nini. Nikafungua mdomo.

Akasema: "Robo. Usinibishie."

Nikabisha. Ningefanya nini?

Gari likafika kuwachukua. Binti akanikumbatia, akasema mjomba umekonda, akaingia kwenye gari. Shemeji aliniangalia, nami nikamwangalia, wote mikono michafu, kwa hiyo hatukushikana. Alivaa koti juu ya shati lile. Dereva akaondoa gari. Kwenye kona shemeji akatoa kichwa dirishani, nikajua sasa analisema lile la kuagana. "Robo tu!" alipiga kelele. "Usizidishe!"

Nikajibu kwamba nusu. Gari lilikuwa limeshakata kona.

Nimeshuka mlima bila kukanyaga pedeli. Kushuka hakuhitaji sahani yoyote.

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ya kwanza isiyo na mtu wa kumfuata wala wa kunifuata.

Nilivaa. Nikakaa. Saa ya kawaida ikafika, gari halikupiga honi chini. Nilikuwa najua halitapiga, lakini sikio lina kichwa chake.

Kiti cha mikono kimeletwa na watu wa mizigo. Hakipiti ngazini. Mama mwenye nyumba amesema kikae sebuleni kwake mpaka nipate akili ya kukipandisha. Akaniuliza nimemuaga vipi shemeji. Nikamwambia vizuri, tulizungumza sana.

Nimeikaza skrubu nusu mzunguko.

Jumamosi, 15 Machi

Shemeji amepiga simu kutoka kwetu. Sauti ilitangulia, simu ikafuata.

Wamefika salama. Mtaa upo, ila umegeuka uso. Palipokuwa na duka la vitabu wanatengeneza simu. Vijana wanamwita babu kwa adabu kubwa bila kujua ni babu wa nani. Siku tatu amezunguka akitafuta mtu wa kubishana naye. Kila anachosema wanamjibu ndiyo babu, kweli babu. Anasema inachosha kuliko mlima.

Akauliza robo imeendaje. Nikasema nusu imekwenda vizuri, cheni haidondoki tena. (Haishuki kabisa kwenye sahani ndogo pia, lakini hilo hakuuliza.) Akaanza kunieleza habari za skrubu, na mimi nikaanza kumjibu, na tungeendelea hivyo mpaka simu ife. Nikamkatiza. Nikauliza. Moja kwa moja, bila mama yao, bila jiko, bila kucheka: kwa nini alikuwa akifunika kikombe kimoja?

Nikadhani laini imekatika.

Kisha akazungumza taratibu. Sijawahi kumsikia akizungumza taratibu kwenye simu. Alisema hajui. Kwao hakuna aliyefanya hivyo, si mama, si shangazi zao. Mara ya kwanza kumwona dada yake akikifunika kikombe ilikuwa huku, katika chumba chetu cha kwanza, juu ya ile rafu ya bati. "Mimi nilidhani ni mambo ya kwenu, shemeji. Nilidhani wewe ndiye uliyemfundisha."

Mimi!

Kwa hiyo desturi hiyo ilianzia huku. Hakuileta kutoka popote.

Shemeji akairudia sauti yake ya mnadani. Akasema basi niache ukaidi, nije, chumba kipo, ubao wa drafti ameufungua. Nikasema nitafikiri. Mtu mzima hakataliwi kwenye simu.

Sikufikiri. Nilikwenda kwa Injinia, kwa sababu nimegundua kosa lilikuwa wapi. Sahani mbili hazitoshi! Kati ya kubwa na ndogo pana pengo la hatari, cheni haina pa kukanyaga. Inahitajika ya katikati. Tatu! Injinia alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akasema mkono wa nyuma wa kusukumia cheni hautamudu, fremu haina nafasi, na zaidi ya hayo, mzee wangu, huko mlimani sasa unamfuata nani? Nikamwambia fremu tutaibonyeza upande wa pili. Swali lake jingine sikulisikia vizuri.

Nimerudi na krenki ya sahani tatu. Anaapa inaingia baiskeli zote.

Mama mwenye nyumba amenikuta ngazini. Akasema kesho ni Jumapili, kile kiti kiko tupu sebuleni, chai ipo, na marehemu mume wake aliacha drafti ambayo haijaguswa, yeye mwenyewe anajua kidogo kucheza. Nikamshukuru. Nikamwambia kesho nina kazi nyingi. Akateremka. Baada ya muda akapanda tena, akaniwekea beseni mlangoni, akaondoka. Mwanamke mwelewa sana. Limenisaidia kulowekea cheni.

Jioni nimemwandikia shemeji ujumbe mfupi kwenye simu, asije akanitandikia kitanda bure. Nimemwambia awasalimie wote, hata wasionijua. Nimemwambia ilikuwa nusu. Nimemwambia sitarudi.